Ukurasa Unafunguka, Gumzo Halifunguki: Kuelewa Usanidi wa Gumzo la Kivinjari kwenye Seva Yako

Anayeweka seva ya gumzo kwa ajili ya ofisi yake hufika mahali ambapo programu za simu zinafanya kazi vizuri na wafanyakazi wanaandikiana bila shida, lakini wanaoshinda kwenye kompyuta za mezani wanaomba njia ya kuingia kupitia kivinjari, bila kusakinisha chochote. Anapakua faili za ukurasa wa gumzo, anaziweka kwenye seva, anafungua anwani, na ukurasa unatokea ukiwa na nafasi ya jina na ya neno la siri. Anajaza, anabonyeza, na kinachofuata ni duara linalozunguka tu, au ujumbe kwamba muunganisho umeshindikana. Wengi hapo huanza kubadilisha mipangilio ya ukurasa mmoja baada ya mwingine, ilhali kasoro kwa kawaida haiko kwenye ukurasa. Ukurasa ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kazi kubwa ni kuufanya ukubaliane na seva kuhusu majina, kuhusu njia na kuhusu nani anamwamini nani, na mambo hayo ni vyema yashughulikiwe kwa mpangilio huo, kwa sababu kosa la jina lililoachwa nyuma hujitokeza baadaye likiwa limevaa sura ya kosa la njia.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye ofisi kuu Mbeya mjini, vituo vya kupokelea kahawa Mbozi na Ileje, na mhasibu ambaye hushinda safarini kati ya Mbeya, Makambako na Iringa. Kikoa chake, yaani jina lake la mtandaoni, tukiite mfano.or.tz. Seva yake ni Prosody, ambayo iliandikwa kwa lugha ya Lua kuanzia mwaka 2008 na haihitaji kumbukumbu nyingi, hata kompyuta ya zamani inaimudu. Ukurasa wake wa gumzo ni Converse. Zote mbili ni programu huria zinazotumia itifaki (kanuni za mawasiliano) ya XMPP, ile iliyotangazwa na Jeremie Miller mwaka 1999 kwa jina la Jabber, na ambayo vipimo vyake vya sasa vilichapishwa mwaka 2011. Aliyechagua Matrix, yaani seva ya Synapse na ukurasa wa Element, atakuta majina ya mipangilio ni tofauti, lakini mafundo ya kufungua ni karibu yale yale.

Fundo la kwanza linatokana na kivinjari chenyewe. Programu ya simu inapoingia kwenye seva ya XMPP hufungua muunganisho wa moja kwa moja kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba) ya 5222 na kuuacha wazi muda wote. Kivinjari hakiruhusu ukurasa wowote kufanya hivyo. Kinachoruhusiwa ni maombi ya kawaida ya HTTP, na tangu mwaka 2011, njia ya websoketi, ambayo huanza kama ombi la HTTP kisha hugeuzwa kuwa muunganisho wa kudumu wa pande mbili. Kwa hiyo seva inayohudumia simu vizuri inaweza kuwa haijasikia neno lolote kutoka kwa kivinjari, kwa kuwa kivinjari hakitabisha kamwe kwenye poti ya 5222. Lazima iwashwe moduli ya kupokea wanaokuja kwa njia ya wavuti. Prosody inazo mbili. Ya kwanza ni ya BOSH, ambapo ukurasa hutuma ombi na seva hulishikilia bila kulijibu mpaka kuwe na ujumbe wa kupeleka au muda uishe, kisha ukurasa hutuma lingine mara moja. Ya pili ni ya websoketi, ambayo utaratibu wake kwa XMPP uliwekwa rasmi mwaka 2014. Ushauri wangu ni kuwasha zote mbili, kuitumia websoketi kama njia kuu, na kuiweka BOSH kama akiba ya mitandao inayokata miunganisho ya muda mrefu.

Sasa majina. Katika mfano wetu yapo majina mawili yanayofanana na ambayo watu huyachanganya kila mara. Kitambulisho cha karani wa Mbozi ni mbozi@mfano.or.tz, na hapo mfano.or.tz ni jina la huduma, yaani ukoo wa watumiaji wote. Ukurasa wa gumzo unakaa kwenye gumzo.mfano.or.tz, ambayo ni anwani ya tovuti tu. Hakuna mtumiaji yeyote anayeitwa kwa jina hilo. Anayeandika gumzo.mfano.or.tz kama kikoa cha kuingilia ataambiwa kuwa neno la siri si sahihi au kuwa kikoa hakipo, na atapoteza mchana mzima akibadilisha maneno ya siri ambayo hayakuwa na kosa.

Programu za simu huunganisha majina haya kwa kusoma rekodi ya SRV kwenye DNS, yaani orodha ya majina ya mtandao na anwani zake, na rekodi hiyo husema kuwa huduma ya mfano.or.tz inapatikana kwenye mashine fulani na poti fulani. Kurasa za wavuti haziwezi kusoma rekodi hizo. Ndiyo maana rekodi za DNS zinaweza kuwa sahihi kabisa, simu zote zikaingia, na ukurasa ukabaki hujui pa kwenda mpaka uandikiwe anwani kamili katika mipangilio yake. Ipo pia njia ya kuweka faili dogo la host-meta chini ya /.well-known/ kwenye tovuti ya kikoa kikuu, ili ukurasa ujitafutie anwani wenyewe, lakini kwa ofisi yenye seva moja sioni faida ya kuongeza kiungo kingine kinachoweza kukatika.

Cheti cha usalama nacho hufuata majina. Kivinjari kinadai cheti cha gumzo.mfano.or.tz, na programu za simu zinadai cha mfano.or.tz. Cheti kimoja kinaweza kubeba majina yote mawili, na huo ndio mpango ninaoupendelea. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vinavyotumiwa na wengi hudumu siku zisizozidi 90, kwa hiyo usasishaji wa kujiendesha ni wa lazima, pamoja na amri ya kuifanya Prosody na nginx, seva ya wavuti tutakayoiweka mbele yake, zisome cheti kipya baada ya kusasishwa. Cheti kikisasishwa kwenye diski huku programu ikiendelea kushika cha zamani kwenye kumbukumbu, siku ya mwisho itafika na kila mtu atafungiwa nje, ingawa faili lililopo ni zima.

Tukishayapanga majina, tunaingia kwenye njia, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu zaidi. Prosody hupokea wageni wa wavuti kwenye poti ya 5280 bila usimbaji fiche, na kuanzia toleo la 0.12 poti hiyo husikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, jambo ambalo ni jema. Mbele yake tunaweka nginx, ambayo kazi yake ni sawa na ya dawati la mapokezi: inamlaki mgeni kwenye poti ya 443 kwa usimbaji fiche, inampa faili za ukurasa akizitaka, na akitaja njia ya gumzo inampeleka ndani kwa Prosody. Kipande kinachohusika cha faili la nginx ni hiki:

    location /xmpp-websocket {
        proxy_pass http://127.0.0.1:5280/xmpp-websocket;
        proxy_http_version 1.1;
        proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
        proxy_set_header Connection "upgrade";
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_read_timeout 900s;
    }

Kila mstari hapo unazuia kosa lenye dalili yake. Mistari ya Upgrade na Connection, pamoja na ule wa toleo la 1.1, ndiyo inayoruhusu ombi la kawaida kugeuzwa kuwa websoketi. Ikikosekana, Prosody huliona ombi kama la mtu anayechungulia tu, na ukurasa hubaki ukisubiri.

Mstari wa Host humwambia Prosody mgeni ameita jina gani. Prosody hupanga huduma zake za wavuti kwa majina, na kwa kuwa inaijua mfano.or.tz lakini haijawahi kuambiwa habari za gumzo.mfano.or.tz, hujibu 404, yaani hakuna kitu hapa. Jibu hilo linachanganya sana, kwani moduli imewashwa na njia imeandikwa sawasawa. Suluhisho ni kuongeza http_host = "gumzo.mfano.or.tz" chini ya VirtualHost ya mfano.or.tz katika faili la Prosody, ili ijue kwamba anayeita jina hilo anaihitaji huduma hii.

Mstari wa X-Forwarded-Proto unahusu uaminifu kati ya nginx na Prosody. Mgeni amefika kwenye dawati kwa njia iliyosimbwa, lakini kutoka hapo kwenda ndani amepitishwa bila usimbaji, na Prosody, ambayo kwa mipangilio ya kawaida inakataa neno la siri lisiloletwa kwa njia salama, haimpi njia yoyote ya kujithibitisha. Kwa mtumiaji hilo huonekana kama kukataliwa bila sababu. Mstari huo unaifahamisha Prosody kwamba safari ilianza kwa usalama; katika matoleo ya zamani ilibidi kuandika consider_websocket_secure = true ili kufikia lengo lile lile.

Mstari wa mwisho unahusu muda. Kwa kawaida nginx hukata muunganisho ambao haujapitisha kitu kwa sekunde 60. Gumzo la ofisi lina vipindi virefu vya kimya, hasa asubuhi wakati makarani wapo kwenye mizani, na dalili ya kosa hili haina mfano: watu wakiandikiana mfululizo kila kitu ni kizuri, wakinyamaza kwa dakika moja ukurasa unaandika kwamba unaunganisha upya. Wengi huulaumu mtandao wa mkoani. Kabla ya kuulaumu mtandao, angalia mstari huu.

Dawati hilo hilo ndilo linalokataa picha. Karani akipiga picha ya stakabadhi kwa simu janja na kuituma, faili huwa na megabaiti mbili au tatu, na nginx isiyobadilishwa haikubali zaidi ya megabaiti moja. Jibu ni namba 413. Moduli ya Prosody ya kupokea mafaili inaruhusu megabaiti 10 kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo kuandika client_max_body_size 10m; katika kipande cha nginx kinachopitisha mafaili kunatosha.

Ni baada ya hayo yote ndipo tunaufikia ukurasa wenyewe, na kama nilivyotangulia kusema, kilichobaki si kingi:

    converse.initialize({
        websocket_url: 'wss://gumzo.mfano.or.tz/xmpp-websocket',
        bosh_service_url: 'https://gumzo.mfano.or.tz/http-bind',
        locked_domain: 'mfano.or.tz',
        allow_registration: false,
        view_mode: 'fullscreen',
        assets_path: '/dist/'
    });

Anwani ya websoketi lazima ianze na wss, yaani iliyosimbwa. Ukurasa uliofunguliwa kwa https hauruhusiwi na kivinjari kufungua websoketi isiyosimbwa, na hakuna mpangilio wa seva unaoweza kulibadilisha hilo. Anwani zote mbili zimewekwa chini ya jina lile lile la ukurasa kwa makusudi. Kivinjari humzuia ukurasa wa tovuti moja kusoma majibu ya tovuti nyingine isipokuwa tovuti hiyo iruhusu waziwazi, na ingawa ruhusa hiyo inaweza kuandikwa, kuepuka hitaji lake ni rahisi kuliko kuitunza. BOSH nayo inahitaji kipande chake cha nginx kinachoelekea /http-bind kwenye poti ile ile ya 5280.

Mpangilio wa locked_domain unamwezesha karani kuandika mbozi peke yake na ukurasa ukamalizia kikoa, hivyo lile kosa la majina tulilolieleza halipati nafasi. Mpangilio wa allow_registration unaondoa kitufe cha kujisajili. Watumiaji wa ofisi wafunguliwe akaunti na msimamizi kwa amri ya prosodyctl adduser.

Mstari wa assets_path unastahili maelezo zaidi. Maelekezo mengi ya haraka huonyesha ukurasa unaovuta faili za Converse kutoka seva za mbali, na kwa majaribio hilo halina ubaya. Kwa matumizi ya kila siku nashauri faili zote ziwe kwenye seva yako. Kwanza, ukurasa unaotegemea seva ya mbali unakwama seva hiyo isipofikika, hata kama seva yako ya gumzo ipo chumba cha pili. Pili, mwenye seva ile ya mbali anaweza kubadilisha msimbo unaosoma maneno ya siri ya watu wako, nawe usijue.

Hapa panazuka swali la mahali pa kuiweka seva. Shule ya bweni au hospitali ambayo watu wake wote wapo ndani ya uzio mmoja inafaidika sana kuwa na seva ndani ya uzio huo, kwa sababu laini ya intaneti ikikatika gumzo linaendelea, mradi faili za ukurasa ziwe za ndani na DNS ya ndani iweze kulitafsiri jina la gumzo kuwa anwani ya seva ya ndani. Cheti hakitaleta tatizo kwa siku chache za kukatika, kwa kuwa muda wake husomwa kwenye cheti chenyewe. Chama chetu cha ushirika kina hali tofauti. Vituo vya Mbozi na Ileje vinafika kupitia mitandao ya simu, laini nyingi za namna hiyo hazimpi mteja anwani ya umma ya kufikiwa kutoka nje, na umeme ukikatika Mbeya mjini vituo vyote vingenyamaza pamoja. Kwa chama kama hicho ningekodi seva ndogo kwenye kituo cha data na kuiacha kompyuta ya ofisini ihifadhi nakala rudufu.

Ukurasa ukikataa baada ya hayo yote, usikisie. Fungua kwanza anwani ya /http-bind na ya /xmpp-websocket moja kwa moja kwenye kivinjari: Prosody inayofikika huonyesha ukurasa mfupi wa kukiri kwamba njia inafanya kazi. Ukiuona huo, Prosody inafikika, na kosa huenda liko kwenye majina, kwenye uthibitisho au kwenye mistari ya Upgrade. Uuone au usiuone, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya mtandao (Network), jaribu kuingia, na usome namba ya jibu la websoketi. Namba 101 maana yake mgeuzo umefanikiwa. Namba 502 maana yake nginx ipo lakini Prosody haijibu nyuma yake, huenda imezimika au poti imekosewa. Namba 404 inakurudisha kwenye http_host. Namba hizo tatu zinamaliza sehemu kubwa ya maswali, na amri ya prosodyctl check hukagua DNS, vyeti na faili la mipangilio kwa pamoja.

Kuna malalamiko mengine ambayo hayahusu kuingia. Karani anaingia kwenye ukurasa na kukuta mazungumzo matupu, wakati simu yake imejaa ujumbe wa jana. XMPP kwa asili yake hupeleka ujumbe na kuusahau. Kumbukumbu ni moduli. Washa mam ili seva ihifadhi mazungumzo ya watu wawili, muc_mam kwa ajili ya vyumba vya gumzo, na carbons ili ujumbe ufike kwenye simu na kwenye kivinjari kwa wakati mmoja. Prosody huhifadhi kwa wiki moja isipoambiwa vinginevyo, na muda huo, kwa mazungumzo ya watu wawili, hubadilishwa kwa archive_expires_after. Ongeza pia smacks. Mhasibu anayefanya kazi kwa kompyuta mpakato ndani ya basi la kutoka Makambako kwenda Iringa hubadilishiwa minara njiani, muunganisho ukakatika na kurudi. Smacks huiwezesha seva kushikilia kikao chake, kwa kawaida kwa dakika 10, na kumpelekea kilichopotea katikati badala ya kumlazimisha aanze upya.

Limebaki suala la watu na kompyuta wanazotumia. Kwenye vituo, kompyuta moja hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na ukurasa wa gumzo huhifadhi ujumbe ndani ya kivinjari ili ufunguke haraka. Converse huonyesha kisanduku wakati wa kuingia kinachouliza kama kifaa ni cha kuaminika. Kwenye kompyuta ya pamoja kisanduku hicho kisiwekewe alama, na makarani waelezwe sababu, kwamba kikiwekwa alama mazungumzo yao yanabaki kwenye mashine wanayomwachia mwenzao wa zamu.

Baadhi ya watu watauliza kuhusu usimbaji wa OMEMO, ambao humzuia hata msimamizi wa seva kusoma ujumbe. Upo kwenye Converse, lakini naomba usiahidi zaidi ya inachotoa. Msimbo unaosimba hupakuliwa kutoka seva yako kila ukurasa unapofunguliwa, kwa hiyo anayeishika seva anaweza kuubadilisha msimbo kabla haujamfikia mtumiaji. Kwa mazungumzo ambayo hata msimamizi hapaswi kuyaona, kama ya kamati ya nidhamu au ya mishahara, programu iliyosakinishwa kwenye simu ni salama zaidi kuliko ukurasa wowote wa kivinjari. Kwa mengine yote, ulinzi halisi ni msimamizi mwenye dhamana, na sheria inalitambua hilo: tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi Tanzania, na anayehifadhi majina, namba na mazungumzo ya watu kwenye seva yake anashika taarifa binafsi kwa maana ya sheria hiyo. Muda uliouandika kwenye archive_expires_after, idadi ya watu wenye neno la siri la mashine, na mahali zinapolala nakala rudufu ni mambo ya kujadiliwa na uongozi wa chama na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kabla karani wa kwanza hajafunguliwa akaunti.